Jino la Rasoa

Jino lenyewe ninalo.
Limo ndani ya kopo la vifungo,
kati ya vifungo vya sare na zipu zilizong'oka meno yake,
jeupe, zima, halina hata tundu la sindano.
Daktari wa meno kule Mbale aliliinua kwenye mwanga,
akasema, "Ajabu."
Akatoza mia nane.

Wiki tatu mama alikuwa akikanyaga cherehani
mara anasimama, anashika shavu.
Maumivu, alisema, huanzia mahali asipopajua,
hupanda mgongoni, huja kukaa tayani
kama mgeni aliyekataa kiti alichopewa.
Nguo ya shule, iliyomchukua asubuhi moja,
sasa ilimchukua siku mbili.
Mkasi ulikuwa mzito. Mkasi uleule.

Duka la dawa: vidonge vya kiungulia.
Zahanati: "Mama una miaka mingapi?
Hamsini na nne? Basi ni umri huo, joto litapita."
Shangazi Kageha: "Ni mawazo. Usiyatie moyoni."
Mchungaji naye, mlangoni mwa kanisa: "Jipe moyo, Rasoa."
Tukishuka njia ya Chavakali akaniuliza,
pumzi imekatika, mkono kiunoni,
"Nijipe upi, na huu mmoja nimeugawa tangu niolewe?"
Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Baba moyo ulimshika kama unavyotarajiwa kushika:
Jumapili, katikati ya tangazo la harambee,
kiganja kifuani, magoti sakafuni.
Hakuna aliyeuliza mara mbili.
Gari la mwalimu mkuu liliondoka mlango mmoja ukiwa wazi,
na kabla ya ibada kwisha
kila mtu Vihiga alijua jina la ugonjwa.

Moyo wa mama ulisema lahaja nyingine.
Ulisema taya. Ulisema kichefuchefu, ulisema uchovu.
Sisi tulioisikia tulidhani ni kunung'unika.

Miaka thelathini amepima vifua vya watu.
Daftari zake zimejaa: Elam, kifua arobaini na mbili.
Lisero, kifua thelathini na nane, mabega yameshuka.
Chake hakuna aliyekipima
ila mwenyewe, kwa blauzi ya Krismasi.

Usiku ule jasho lilimtoka kama aliyenyeshewa,
na nje hakukuwa na wingu.
Nikasema twende. Akasema amalizie upindo kwanza,
joho la kwaya lilikuwa linangojwa.
Akamalizia. Nimeukagua upindo huo baadaye:
umenyooka hadi mwisho.

Kisumu, saa tisa za usiku,
muuguzi mmoja, Apondi, msichana wa juzijuzi,
hakumuuliza mawazo yake wala umri wake.
"Taya? Na mgongo? Tangu lini?"
Hakungoja jibu. Vidole vilikuwa tayari vinabandika nyaya.
Karatasi ikatoka na milima yake midogo,
na mama, mdomo umekauka, akaitazama kwa jicho la fundi:
"Hapa," akasema, "uzi umeruka."

Sasa ni vidonge vinne, asubuhi na jioni,
chumvi tumeihamishia rafu ya juu.
Akicheka, upepo unapiga mluzi kwenye pengo.
Wanawake wakija kushonewa huwaambia, inua mkono, geuka,
huo mgongo hauumi? Ukipanda na ndoo unapumua vipi?
Wengine hukasirika; wamefuata gauni, si maswali.
Lakini daftarini, baada ya kifua, kiuno, nyonga,
pana safu ya nne aliyoichora kwa rula
na hajaipa jina.

Juzi nilitaka kulirusha jino juu ya paa
kama tulivyokuwa tukifanya utotoni.
Akanishika mkono.
"Liache humo humo koponi.
Siku moja mtu atatafuta kifungo, 
aliguse, aulize."